Ngazi za Bwire Nilizijenga Mimi

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na tatu, ng'ombe wa baba walikufa zizini kwetu Magu mmoja baada ya mwingine, na baba akawafuata kabla mavuno hayajaingia ndani. Nilikuwa darasa la nne. Sikuaga shule, nilishika nyundo. Mjomba alinileta Mwanza, pale Mabatini kwenye majabali, nikajifunza kugonga kokoto. Unawasha moto wa matairi juu ya jiwe mpaka lichoke, unalimwagia maji, linalia, linapasuka, halafu unaufuata mstari wake kwa nyundo. Kila jiwe lina mstari. Asiyeujua atapiga tangu asubuhi na jioni atabaki na vumbi. Hiyo ndiyo shule yangu, na nawaambia mapema ili asije mtu akasema mzee Masele alibebwa. Sikubebwa na mtu.

Vijana wa pale kazini wameniomba nieleze kazi ya majitaka ilivyofanywa zamani. Nitaeleza. Ila itanibidi nimtaje na Bwire, kwa sababu kila nikijaribu kuieleza kazi ile bila yeye, inakataa.

Niliajiriwa ofisi ya maji nikiwa kijana mwenye mikono migumu, kibarua wa kuzibua chemba. Chemba ni kisima kifupi cha zege chenye mfuniko wa chuma, mahali ambapo mabomba ya nyumba nyingi yanakutana. Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fomeni wa Chemba, Mkurya mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Shikamoo Fomeni."

"Marahaba. Umekula?"

"Ndiyo, nimekunywa uji."

"Basi umeanza na kosa. Shuka."

Nilishuka. Uji ulipanda. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, na Fomeni akanipa fito na ndoano akaniambia niendelee, kwani nilichoongeza mle ndani hakikuwa kingi kuliko nilichokikuta. Nilitoa matambara, magunzi, mifupa ya mbuzi na sufuria zima lisilo na mkono. Jioni nilijisugua kwa mchanga ziwani, na bado dada mmoja pale Mabatini alihamia upande wa pili wa njia aliponiona. Siku hiyo ndipo wivu wangu ulipoanza, na sikuutafuta mimi. Tulikuwa ofisi moja na watu wa majisafi, geti moja, mwajiri mmoja. Wao wakifika kwenye nyumba ya mtu kufunga bomba, wanaletewa kiti na chai. Sisi tukifika kuzibua, tunaonyeshwa chemba kwa kidole na mlango unafungwa. Maji ni yale yale. Wao wanayapeleka, sisi tunayapokea yakitoka. Nani alisema anayepeleka ni mtu zaidi?

Mjue na jambo hili, ninyi mliozaliwa juzi. Nyumba nyingi za milimani zimejengwa juu ya miamba, shimo la choo halichimbiki likaenda chini. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha, watu walitapisha vyoo. Kutapisha ni kuufungua ukuta wa shimo kwa upande wa chini, mvua iteremke na vyote vilivyomo. Vinashuka kwenye makorongo, vinaingia mtoni, mto unaingia ziwani, na kesho yake mtu yuleyule anashuka na ndoo kuchota. Nimewaona kwa macho yangu. Nikimwambia mwenye nyumba, ananijibu, "Mvua imechukua." Kana kwamba mvua ina kwake pa kuvipeleka.

Baada ya chemba nilihamishiwa kituo cha pampu karibu na ziwa. Kazi ilikuwa kulisafisha chujio la nondo, yaani zile nondo zinazozuia takataka zisiingie kwenye pampu. Huko sikukaa sana. Meneja wa Majitaka alipata habari kwamba najua mawe, akanihamishia mabwawani, majitaka yanakosafishwa, nikatengeneze kingo zilizokuwa zinabomoka. Nikazitengeneza, na nilipomaliza sikurudi tena kwenye nondo.

Sasa mabwawa. Msifikiri kuna mashine kubwa inayounguruma. Kuna mashimo makubwa yaliyochimbwa yakasakafiwa, na maji yanatembea toka moja kwenda jingine pole pole kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini na jeusi, juu limefunga ngozi ngumu kama uji uliopoa, na chini yake wadudu wasiohitaji hewa wanaula uchafu. Bwawa la kati ni pana, jua linaingia, na maji yanaanza kuwa kijani kwa sababu ya mwani, yale majani madogo mno ambayo huwezi kuliona moja peke yake. La mwisho tuliliita la kukomaza. Hapo maji yanakaa yanapigwa na jua mpaka vijidudu vya magonjwa vinakufa. Kisha yanatoka, yanashuka kwa bomba mpaka kwenye kijito chini ya kilima, na kijito kinaingia ziwani kwenye matete. Kazi yetu sote, pamoja na reki zetu na mafyekeo yetu na mabuti yetu, ilikuwa kwa ajili ya kijito kile. Kina mama walikuwa wanafulia pale. Kwenye matete yale sato wanazalia. Ukipeleka maji yasiyokomaa, yanaila hewa iliyomo kijitoni, na samaki wanakufa kwa kukosa pumzi kama mtu aliyezibwa pua.

Kulikuwa na Fomeni wa Mabwawa, mzee wa Musoma, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyeweka pipa. Alilikata pipa la mafuta kwa juu, akaliweka kwenye mlango wa mwisho wa kutolea maji, na bomba dogo likawa linapitisha humo maji yanayotoka. Ndani aliweka sato wadogo aliowatoa ziwani. Wakiwa hai, maji yaende. Wakianza kuhema juu juu, funga mlango, maji yarudi yakakae. Hapakuwa na maabara karibu siku zile, sampuli zilisafiri mbali na majibu yalikuja maji yakiwa yameshafika ziwani. Pipa lilijibu papo hapo.

Na palikuwa na desturi. Sato akifa kwenye zamu yako, unamzika mwenyewe, mbele ya wote, asubuhi watu wanapokutana kupangiwa kazi. Unachimba kaburi kandokando ya uzio, na wenzako wanasimama kichwa wazi.

"Pole na msiba, Masele."

"Marehemu ameacha wajane wangapi?"

"Tupishe ndugu wa karibu waweke udongo!"

Mnacheka, lakini ukizika mara ya tatu kicheko kinakwisha. Mtu anakuwa na sifa ya kufiwa.

Bwire alikuja baada yangu. Hilo mliandike. Alikuja baada yangu, Mkerewe mrefu mwembamba asiye na haraka, mtoto wa wavuvi, naye hakusoma kunizidi. Mimi ndiye niliyemwonyesha reki inavyoshikwa. Mimi ndiye niliyemwambia asisimame upande ule upepo unakoelekea. Ndani ya msimu mmoja akawa anafika getini, ananusa, anasema, "Bwawa la kwanza limeshiba leo," na kweli tunakuta limeshiba. Mimi nilikuwa nanusa mpaka pua inauma, nasikia harufu ileile ya jana. Watu walimpenda. Hata mke wangu, Mama Kulwa, siku moja alisema, "Yule Bwire ana ustaarabu." Nikamuuliza, "Amekufanyia nini?" Akasema, "Amesalimia tu." Kwani mimi sisalimii?

Fomeni wa Mabwawa alipokaribia kustaafu, Meneja wa Majitaka alitukusanya. Alikuwa mtu wa Moshi, mhandisi, msomi hasa, na sina neno baya juu yake isipokuwa hili moja nitakalolieleza.

"Fomeni anaondoka masika yakiisha," alisema. "Sitaleta mtu toka nje. Ni ama Masele ama Bwire. Nitaangalia mlango wa mwisho. Atakayelitunza pipa ndiye atakayeshika funguo."

Funguo zilikuwa na maana ya ufomeni na ile nyumba ya mawe ndani ya uzio, yenye bomba la maji ndani. Mimi na Mama Kulwa na mapacha tulikuwa tunaishi chumba kimoja Mabatini. Nyumba ile kuta zake nilizijenga mimi, ngazi ya mlangoni niliiweka mimi. Kila nikiiangalia nilikuwa nimeshapanga kitanda kitakaa wapi.

Nilipangiwa zamu ya usiku, Bwire zamu ya mchana. Mvua zikaanza, mawingu yakakaa juu ya ziwa siku baada ya siku. Asubuhi nikienda kwenye pipa, sato wangu wanaelea matumbo juu. Nikazika. Nikazika tena. Mchana wa Bwire, sato wanazunguka kama watoto kwenye mchezo.

"Pole na msiba, kaka Masele," Bwire aliniambia, na hakuwa anacheka, ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Msiba wako unakuja."

"Kwetu tunasema mwenye kufiwa asitukane waombolezaji."

"Kwenu mnasema mengi kwa kuwa mmezungukwa na maji, hamna pa kwenda."

Nilianza kufikiri. Mimi si mjinga. Mlango ni uleule, maji ni yaleyale, kwa nini wafe kwangu tu? Nikaenda kwa Meneja, nikavua kofia. "Bosi, tubadilishane zamu. Usiku una jambo." Aliniangalia, akakuna kidevu. "Unajua hata mimi nimelifikiria hilo," alisema, na akatubadilisha.

Niliingia zamu ya mchana, na sato wakaishi. Nilitembea kifua mbele. Nikasubiri Bwire aanze kuzika. Asubuhi ya kwanza nikaja mapema na maneno yangu nimeyapanga, nimkute na jembe. Sato walikuwa hai. Asubuhi ya pili, hai. Ya tatu wamenenepa. Moyo wangu ulikuwa unawaka kama moto wa matairi. Mtu ananusa vizuri, sawa. Mtu anasalimia vizuri, sawa. Sasa na usiku nao unampenda?

Nikajua anawabadilisha. Kwao wavuvi, ana nduguze kule mwaloni mitumbwi inakotia nanga, anapata sato wapya alfajiri na wafu anawatupa. Nikaapa nitamkamata. Nikaja alfajiri, kunaanza kupambazuka, nikapita nyuma ya ukingo, nikajilaza kwenye majani yenye umande, mtu mzima na familia, mabuti yangu mkononi.

Bwire alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, karibu na pipa. Mkononi ana kopo. Anachota maji humo humo pipani, anainua mkono juu ya kichwa, anayaachia yadondoke. Anachota, anainua, anaachia. Huku anaimba kidogo kwa Kikerewe, kama mtu anayembembeleza mtoto. Alikuwa ameloa mpaka mabegani.

Nilitoka. "Nimekukamata!"

Aliruka, kopo likaanguka ndani. "Masele! Umenitoa roho. Unatafuta nini kwenye majani?"

"Nakutafuta wewe. Unafanya nini?"

"Nawapa pumzi."

"Unawapa pumzi! Basi pipa linadanganya! Maji ni mabaya, samaki wanaonekana wazima, mlango uko wazi, na uchafu unakwenda kwa wale mama kijitoni. Yote upate funguo!"

Hilo lilimwingia. Alitazama mlango, akatazama kijito. "Mimi niliwaonea huruma tu," alisema. "Sikufika huko." Na mimi nikamwamini, jambo ambalo lilinikera, maana nilikuwa nimemkamata na bado hakutaka kuwa mwizi.

Hatukuondoka pale mpaka Meneja alipofika na viatu vyake vyeusi. Nikamweleza yote, kopo nimelishika kama ushahidi. Akasikiliza. Akamgeukia Bwire.

"Hiyo umejifunza wapi?"

"Kwetu, bosi. Wavuvi wakipeleka chambo hai mbali, sisi watoto tunakaa kwenye mtumbwi tunamwagia maji toka juu. Usipomwagia, chambo kinafika kimekufa."

Meneja akachuchumaa kwenye mlango wa mwisho, suruali nzuri kwenye tope. Akatueleza, na nalieleza hapa kwa sababu ni kazi. Mwani mchana unapata jua, unatoa hewa, maji yanashiba pumzi. Usiku hakuna jua, mwani wenyewe unaanza kuivuta hewa ileile, na kukipambazuka imebaki kidogo. Mawingu ya masika yanazidisha. Kwa hiyo sato wangu hawakufa kwa uzembe wangu. Walikufa kwa sababu ya saa. Nilihema. Nikawaangalia wenzangu waliokuwa wamekusanyika, wale wa pole na msiba, nikataka kila mmoja asikie.

"Masele, umefanya vizuri kuniambia," Meneja alisema. "Kopo ni marufuku. Pipa liachwe liseme lenyewe."

Nikaona funguo. Naapa niliziona.

Kisha akasimama, akaangalia lile bomba linalotelemsha maji mpaka kijitoni. "Haya maji," akasema pole pole, "yakitolewa humu bombani, yakashuka kwa kudondoka, ngazi kwa ngazi, mpaka chini, si yatafika yamebeba hewa?" Akalitazama kopo mkononi mwangu. "Kopo kubwa," akasema, na akacheka peke yake. "Bwire, umetupa kopo kubwa. Masele, wewe si fundi mawe?"

"Ndiyo, bosi."

"Jenga."

Nilijenga. Niliyaleta mawe toka kilimani, nikayafuata mistari yake, nikayapanga mapana kwa chini, midomo imetokeza ili maji yasitambae ukutani bali yaanguke, maana maji yanayotambaa hayabebi kitu. Hilo la midomo hakuniambia Meneja wala Bwire. Nilijenga mpaka masika yakaisha, mgongo unalia. Yalipofunguliwa, maji ya kijani yakashuka meupe kwa povu, na kelele yake ilisikika mpaka getini. Kwenye matete, mahali ambapo tulizoea kuona furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekufa asubuhi, watoto walianza kuja na ndoana. Wazee wa pale wakatuletea jogoo. Jogoo alipokelewa na Fomeni mpya.

Fomeni mpya alikuwa Bwire.

Nilikwenda ofisini kwa Meneja, sikuvua kofia. "Bosi, niliyekuletea habari ni mimi. Aliyejenga ni mimi. Aliyekuwa anadanganya pipa ni yeye."

Aliweka kalamu chini. "Masele, kaa." Sikukaa. "Wiki zote hizo, nyie wawili mlikuwa macho alfajiri. Yeye alikuwa macho kwa ajili ya pipa. Wewe ulikuwa macho kwa ajili ya Bwire."

Ndilo neno lile nililosema nitalieleza. Jibu lake nimelitafuta miaka yote. Leo ninalo: fundi pia anahitaji nyumba. Lakini Meneja alishahamia Dodoma, na baadaye nikasikia amefariki.

Nilifanya kazi chini ya Bwire mpaka nywele zetu zikawa nyeupe. Sikumharibia kazi hata siku moja, asije mtu akadhani. Kila mara wageni walipokuja, wahandisi wa kanda, wanafunzi, wazungu wenye chupa za sampuli, walipelekwa mlango wa mwisho wakaambiwa, "Hizi ndizo Ngazi za Bwire." Yeye alikuwa anasimama pembeni anatabasamu. Mimi nilikuwa chini na brashi nasugua utelezi kwenye mawe yangu. Alipostaafu walimfanyia sherehe, akashukuru Mungu, akamshukuru marehemu Meneja, akawashukuru wazee wake wavuvi. Fundi hakutajwa. Nilipiga makofi kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Mimi nilistaafu mwaka uliofuata. Nikiulizwa nini nimejifunza, nasema kwamba maji machafu hayana mwenyewe mpaka mtu akubali kuwa mwenyewe. Sisi tulikubali, na hatukuletewa kiti. Leo mabwawa yana vipimo vya kuwasha kwa kitufe, vijana wana glavu ndefu na wanapimwa afya. Nawaonea wivu, sifichi. Wamekuta kijito kinachopumua, wakadhani ndivyo kilivyozaliwa.

Msimu uliopita simu iliita. Binti mmoja, mhandisi, sauti ya heshima. "Shikamoo mzee. Jiwe moja kwenye ngazi limelegea, mafundi wetu wawili wameweka saruji na maji yanatambaa ukutani. Tunamtafuta aliyejenga."

"Marahaba. Nani kakwambia ni mimi?"

"Tulimpigia mzee Bwire, Ukerewe. Alisema ngazi zile si za kwake, ni za Masele wa Buhongwa, na kwamba amekuwa akitaka kulisema hilo siku nyingi ila alistaafu kabla hajapata mdomo."

Nilikwenda, nikaiondoa ile saruji yao, nikalitokeza jiwe mdomo wake, maji yakaanguka. Binti akapiga picha. Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko siku niliyokwenda kwa Meneja bila kuvua kofia. Hata jina langu nimelipata kwa mdomo wa Bwire.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vinne Buhongwa, msingi wake wa mawe niliyoyapasua mwenyewe. Choo cha ndani kilichounganishwa na bomba la majitaka, si cha kutapisha. Ng'ombe tisa kule Magu kwa mdogo wangu. Mashine ya kusaga anayoiendesha Doto. Kulwa ni nesi. Mke mmoja, yuleyule. Nyundo tatu za mawe, moja haina mpini. Jozi ya mabuti. Na namba ya simu ya Bwire, aliniandikia yule binti. Sijapiga.